Merikebu ya kale imekatika kamba: uisafishe, uikarabati au uiunde upya?

Mifano ya kale ya merikebu, zile meli ndogo zilizoundwa kuiga za kweli, huibuka Kisumu na Nakuru mahali usipoitarajia: juu ya kabati la familia ambayo mababu zake walitoka Kutch, magharibi mwa India, kwenye stoo ya klabu, au katikati ya fanicha za mnada zilizoachwa na masetla walioondoka baada ya 1963. Reli ilifika hapa Kisumu Desemba 1901, wakati bandari ikiitwa Port Florence, na kila aliyekuja nayo alikuja na masanduku yake. Leo vitu hivyo vinarithiwa na watu ambao hawajawahi kupanda chombo cha tanga. Mara nyingi hali yake ni moja: mlingoti wa mbele umeinama, nusu ya kamba zinaning'inia, matanga yamekuwa rangi ya chai ya rangi, na mizinga miwili imeng'oka, inabingirika kwenye sitaha.

Hapo mwenye mali ana njia tatu. Ya kwanza ni kusafisha na kuimarisha tu, kilichokatika kibaki kimekatika. Ya pili ni kukarabati palipoharibika, pengine pote paachwe. Ya tatu ni kuunda upya: rangi mpya, kamba mpya, matanga mapya. Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa mifano mingi, safisha yote, karabati kidogo, na usiunde upya mpaka uwe na sababu unayoweza kumweleza mtu akakuelewa. "Ili ing'ae" si sababu.

Kwanza ujue umeshika nini

Kuna mifano iliyotengenezwa na mabaharia wenyewe, safarini au baada ya kustaafu. Mwili wake aghalabu umechongwa kwenye gogo moja, kamba zimefungwa na mkono unaojua kazi, lakini vipimo vimekwenda upogo: mizinga mikubwa kuliko milango, nanga ambayo ingeizamisha meli yenyewe. Kuna iliyoundwa na viwanda vya meli ili mteja aone atakachouziwa. Hiyo ni sahihi hadi msumari. Kuna ya mapambo, zile merikebu za Kihispania zenye misalaba kwenye matanga, ambazo zilipendwa sana sebuleni Ulaya na Marekani miaka ya 1920 na 1930. Na sisi huku tuna aina nyingine: majahazi ya Lamu, mitepe, na kotia za Mandvi, mji wa Kutch ambao umeunda vyombo vya mbao kwa karne nyingi.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua njia. Upogo wa baharia ndio sahihi yake. Fundi "akiusahihisha" amefuta jina la mwenyewe. Merikebu ya mapambo ya 1930, kwa upande mwingine, iliundwa ipendeze, na ukiipendezesha tena hujaikosea heshima.

Umri unaweza kuukisia bila mtaalamu. Skrubu yenye msalaba kichwani haikuwa imeenea kabla ya nusu ya pili ya miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye kitako, ama mfano si wa kale kama ulivyoambiwa, ama kuna fundi alishapita hapo. Nailoni vilevile: ilitangazwa mwaka 1938, kwa hiyo uzi wa nailoni kwenye merikebu "ya 1880" ni kazi ya mtu mwingine.

Kisha zima taa, uimulike kwa ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Nyuzi na vitambaa vya kisasa hung'aa weupe wa samawati, kwa sababu ya kemikali za kung'arisha zinazotiwa viwandani na kwenye sabuni za unga. Pamba na kitani cha zamani hubaki hafifu, isipokuwa kama mtu alikifua. Sheleki, vanishi ya zamani itokanayo na utomvu wa wadudu, hutoa rangi ya chungwa. Kwa dakika chache utaona kamba zipi ni za asili, zipi za fundi wa kwanza, na kama kuna wa pili. Hakuna kifaa cha bei hiyo kitakachokuambia mengi zaidi.

Jambo moja la sheria kabla hatujaendelea: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mwenye mtepe wa kale asiufunge kwenye mzigo wa ndege kumpelekea binti yake London kabla hajauliza Makumbusho.

Wadudu hawangoji uamuzi wako

Ukiona vitundu kama vya pini kwenye mkuku, ule mti wa chini unaobeba mwili wa chombo, weka karatasi nyeusi chini ya mfano, ugonge kidogo kwa kidole, uache siku chache. Unga mpya ukidondoka, wadudu wanaobungua mbao wako hai ndani, na njia zote tatu zinasimama kwanza. Funga mfano kwenye plastiki isiyopitisha hewa, uutie kwenye friza: wiki nzima kwenye digrii 20 chini ya sifuri, au wiki mbili kama friza yako inafika 18 tu. Ukiutoa, usifungue plastiki mpaka upate joto la chumba, la sivyo unyevu utaganda juu ya rangi. Friza ya samaki ya wavuvi wa Dunga hapa ziwani siipendekezi, na sababu unaijua.

Kile ambacho hupaswi kukubali, hata fundi akikuapia, ni kupaka oili chafu kama inavyopakwa nguzo za ua dhidi ya mchwa. Labda itawaua wadudu, lakini hiyo oili haitatoka milele, na hakuna gundi wala rangi itakayoshika juu yake.

Njia tatu ubavu kwa ubavu

| | Kusafisha na kuimarisha | Kukarabati palipoharibika | Kuunda upya |
|---|---|---|---|
| Gharama | Ndogo. Brashi, pamba na subira | Ya kati. Unalipia saa za fundi | Kubwa |
| Muda | Siku chache | Wiki hadi miezi | Miezi |
| Unachopoteza | Karibu hakuna | Kidogo, kama vipande vya zamani vinatunzwa | Uso wa asili wote |
| Unaweza kurudi nyuma? | Ndiyo | Ndiyo, ukichagua gundi vizuri | Hapana |
| Inafaa zaidi | Kazi za mabaharia, mifano ya viwanda, mitepe | Merikebu zenye milingoti iliyolegea, majahazi | Mapambo yaliyokwisha kuharibiwa, mifano ya kuelea |

Jedwali hilo linarahisisha mambo kuliko yalivyo. Safu ya kukarabati ndiyo yenye mitego, na huko nitakaa zaidi.

Kusafisha

Vumbi la Kisumu si vumbi tu. Lina masizi ya taa za mafuta ya miaka ya nyuma, moshi wa sigara wa mwenye nyumba wa zamani, mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama wingu jioni na kufuata taa, na zaidi ya yote kinyesi cha mijusi kafiri, ambao hupenda sana foromali, ile miti inayobeba matanga, kama mahali pa kupumzikia. Kinyesi hicho kina asidi. Kikikaa huchoma rangi, kwa hiyo hicho ndicho cha kuondolewa kwanza, kikiwa kikavu, kwa kijiti cha mti kilichochongwa, si kwa kisu.

Baada ya hapo ni brashi laini ya rangi mkono mmoja, mashine ya kunyonya vumbi mkono wa pili. Mdomo wa mashine uvishe kipande cha neti ya mbu, ufunge kwa mpira, maana gofia moja ndogo, ile kapi ya kupitishia kamba, ikimezwa hutaipata. Shuka kutoka ncha ya mlingoti hadi sitaha. Uchafu uliogandamana huondolewa kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti na kuloweshwa mate. Usicheke: wahifadhi wa makumbusho hufanya hivyo hivyo, kwa sababu mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu na hayana ukali wa sabuni. Umalizie kwa pamba nyingine yenye maji yaliyotoneshwa, yale wanayouza kwenye vituo vya petroli kwa kuongezea betri. Hakikisha chupa ni ya maji, si ya asidi. Zinapangwa rafu moja. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na pamba ikitoka na rangi badala ya uchafu, acha hapo hapo.

Njia hii haitanyoosha mlingoti. Merikebu itabaki na kamba zinazoning'inia, na wageni watauliza kwa nini hukuitengeneza. Ukiweza kuvumilia swali hilo, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mfano wowote ambao mkono wa kwanza bado unaonekana juu yake.

Kukarabati: hapa ndipo kamba zinapohesabiwa

Merikebu ya milingoti mitatu ina kamba za aina mbili. Zipo zinazoshikilia mlingoti usianguke, ambazo kwenye meli halisi zilipakwa lami, hivyo kwenye mfano huwa nyeusi au kahawia iliyoiva. Zipo pia za kupandisha na kugeuza matanga, ambazo ni za rangi ya katani. Nyeusi ndizo hufa kwanza. Rangi nyingi nyeusi za zamani zilitiwa chuma, na chuma hula uzi polepole mpaka unakatika kwa kuguswa tu.

Hali ya hewa yetu inamalizia kazi hiyo. Kitani na pamba hufupika zikishika unyevu, hulegea zikikauka. Masika, Machi hadi Mei, nyuzi zinakaza, Januari zinalegea. Uzi uliochoka hukatika pale unapopinda, kwenye tundu la gofia au kwenye fundo. Nyumba zilizoingiliwa na maji ziwa lilipofurika mwaka 2020 zilitoa mifano ambayo kamba zake zilikaza hadi zikaukunja mlingoti, kisha zikakatika zote upande mmoja.

Uzi gani basi wa kuweka? Kitani ndicho bora: nyuzi zake ni ndefu, hazina manyoya, na ndicho kilichotumiwa na wengi wa mafundi wa asili. Ajabu ni kwamba ghuba hii ya Winam ilikuwa nacho tele. Nyavu za kitani ziliingia hapa mwaka 1905, kabla ya nailoni kuzifuta. Sasa utakitafuta Kisumu nzima ukikose, uagize Nairobi au nje. Pamba inapatikana kila duka la washonaji, na ile ya kufumia vitambaa, iliyosokotwa vizuri, inafaa ukiipitisha kwenye nta ya nyuki kulaza manyoya. Polista, uzi wa washona viatu, haijali masika wala kiangazi, na kwa Kisumu hiyo ni hoja nzito. Kasoro yake ni mng'ao, na kwamba itakuwa bado na nguvu wakati nyuzi zote za jirani yake zimeoza. Nailoni isahau: inavutika, inalegea, inang'aa kama kamba ya kuvulia.

Ushauri wangu ni huu. Ukibadilisha nyuzi chache tu kati ya za asili, tumia pamba au kitani. Ukifunga upya mlingoti mzima wa mfano wa mapambo, polista inakubalika. Lakini usichanganye ubavu wa kulia na wa kushoto. Pamba ikikaza masika na polista upande wa pili isikaze, mlingoti utalalia upande wa pamba, na mwakani utamlaumu fundi bure.

Kuhusu kukaza: funga za kulia na kushoto kwa zamu, kila moja kidogo, huku ukiutazama mlingoti kutoka omo, yaani mbele ya chombo. Kiasi kinachotosha ni kile kinachouondolea uzi tumbo. Zaidi ya hapo unaukunja mlingoti wewe mwenyewe. Anza na zilizo ndani na chini, umalizie za nje na juu, maana ukitangulia kufunga za nje hutapata pa kupitishia kibano. Na kabla ya kukata hata uzi mmoja, piga picha kwa simu kutoka kila upande, karibu kabisa, hadi mafundo yaonekane. Uzi uliokatika usiutupe. Urefu wake ndio kipimo cha mpya, na fundo lake ndilo mwalimu.

Jahazi ni habari nyingine kabisa. Lina foromali moja kwa kila mlingoti, henza ya kupandishia, demani na joshi za kuliongoza tanga, na kamba chache za kuushikilia mlingoti. Fundi mwenye mkono mwepesi atalifunga upya lote kwa muda ambao kwenye merikebu hajamaliza mlingoti wa galme, ule mdogo wa nyuma. Ndiyo maana kwa jahazi siogopi sana kubadilisha kamba zote kama zimeoza, mradi mwili usiguswe. Kotia pia ni hivyo hivyo, ila ina nakshi nyingi tezi, yaani nyuma, na huko brashi ya kusafishia iende kwa adabu.

Mtepe uogope. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake ni la mkeka, la pembe nne. Kwenye mfano mzuri, mshono huo umefanywa kweli, tundu kwa tundu. Vyombo vyenyewe vilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo mshono wa mfano wa kale ni ushahidi wa ufundi ambao hauonekani tena majini. Ukitiwa gundi umekwisha. Mtepe uliolegea uwekewe kitako kinachoukumbatia vizuri, basi.

Matanga yaliyochanika hushikizwa kwa nyuma kwa hariri nyembamba, si kubadilishwa. Kama tanga limepotea kabisa, usinunue kitambaa cheupe ukakichemshe kwenye majani ya chai. Chai ya Kericho hutoa rangi nzuri, lakini tanini yake ina asidi na kitambaa kitaoza mapema. Tafuta marekani, ile pamba isiyopaushwa. Tayari ina rangi unayoitaka.

Gundi ndiyo inayoamua kama mjukuu ataweza kurekebisha

Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri. Gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo mafundi wa zamani waliitumia, hulegea kwa maji ya uvuguvugu na inaweza kufunguliwa hata baada ya miaka mia. Usipoipata, jelatini isiyo na ladha ya supamaketi ni jamaa yake wa karibu: iloweshe kwenye maji baridi hadi ivimbe, kisha uipashe moto juu ya sufuria ya maji, bila kupita digrii 60 hivi, maana ikichemka inapoteza nguvu. Lakini nisiifiche kasoro yake. Inapenda unyevu, huota ukungu, na mende wanaila. Nyumba iliyo mita chache kutoka ziwani itaisumbua.

Gundi nyeupe ya seremala inashika vizuri na haili rangi, ila ikishakauka kuifungua ni kazi ya kuloweka na kuomba Mungu. Epoksi haifunguki, itumie kwenye mfano wa kuelea tu. Supaglu ni mbaya zaidi kwa kamba: inaingia kwenye uzi, inaugeuza kijiti, na uzi unakatika pembeni mwa doa. Juu ya hayo huacha utando mweupe kwenye rangi nyeusi. Wahifadhi hutumia resini ya Paraloid B-72, ambayo huyeyuka kwa asetoni wakati wowote. Ni ya kuagiza, lakini chupa ndogo inakaa muda mrefu, na kwa vipande vya chuma na vya risasi (madini ya ledi) vilivyong'oka sioni kinachoishinda.

Kwa nyumba kavu za Nakuru ningechagua gundi ya ngozi bila kusita. Kwa Kisumu, viungo vya mbao visivyoonekana navikubalia gundi nyeupe, kwa tone dogo, na kamba zote zifungwe kwa fundo bila gundi kabisa.

Kuunda upya, na lini ni halali

"Fundi, ipige vanishi kidogo ing'ae, wageni wanakuja Krismasi."

"Mama, itang'aa mpaka Pasaka, halafu itaanza kuwa manjano. Na siku utakayotaka kuitoa, itatoka na rangi ya chini."

Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo mwanzo wa kuunda upya kwingi: haikupangwa, ilianza na vanishi. Vanishi ya kisasa ngumu haiyeyuki kwa spiriti kama sheleki. Ukilazimika kupaka kitu, paka sheleki nyembamba, ambayo mwingine anaweza kuiondoa.

Msasa nao una hatari yake. Rangi za zamani zilijaa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Mfano wa kale usipigwe msasa mkavu nyumbani hata kidogo. Ukiona unga mweupe kwenye mizinga au nanga, usiupulize ukidhani ni ukungu. Ni risasi yenyewe imeoza, na unga huo pia ni sumu. Vaa glavu, uondoe kwa pamba yenye unyevu, uitupe pamba hiyo ndani ya mfuko uliofungwa.

Kuna hali tatu ambapo nakubali kuunda upya. Mfano wa kuelea, uliotengenezwa watoto waushindanishe kwenye bwawa, na familia inataka uelee tena: huo unahitaji rangi isiyopitisha maji na epoksi, na maji ndiyo kazi yake. Mfano wa mapambo ambao umeshapakwa rangi ya mafuta na watu wawili au watatu kabla yako: hapo hakuna uso wa asili wa kulinda. Na mwili ulioliwa na wadudu ukabaki ganda, ingawa hata hapo ningebakiza matanga, gofia na kila kilicho kizima.

Lakini mara nyingi mtu anayetaka chombo kinachong'aa angefurahi zaidi na nakala. Safisha cha babu, ukiweke. Agiza kipya kitengenezwe kwa vipimo vyake. Fundi anayeunda mashua Dunga au Usoma anauelewa mkuku na mataruma, zile mbavu za chombo, kuliko seremala wa vitanda, hata kama hajawahi kufanya kazi ndogo hivyo. Milingoti ichongwe kwa vipande vya podo kutoka fanicha kuukuu: nyuzi zake zimenyooka na mbao imeshakauka miaka mingi. Gharama ya nakala ya jahazi haitapita sana ile ya kuunda upya la zamani, na mwishowe una vyombo viwili.

Ukimpa fundi

Muulize atafanya kwa muda gani. Kamba za merikebu ya milingoti mitatu zinaweza kumeza mamia ya saa. Akikuambia wiki moja, maana yake atakata zote na kufunga chache zinazoonekana. Lipa kwa hatua: mlingoti mmoja, mtazame pamoja, kisha mwingine. Mkubaliane kwa maandishi ni gundi gani itakayotumika, na kwamba kila kipande kilichotoka kitarudi kwako ndani ya bahasha iliyoandikwa kilitoka wapi. Fundi mzuri hatakasirika. Anayesema vipande vya zamani ni takataka, mshukuru, uchukue merikebu yako.

Kabati la kioo

Kazi yoyote utakayochagua itaharibika ndani ya miaka michache bila kabati, kwa sababu ya mijusi na wadudu niliowataja. Kioo ni kizito na kinavunjika, lakini hakichubuki kwa kufutwa. Akriliki ni nyepesi, ila huvuta vumbi na kuchubuka upesi. Kwa sebule yenye watoto chukua akriliki. Kwingineko, kioo.

Mbao ya kabati ni muhimu kuliko kioo. Mwaloni hasa, na mbao nyingi za kubandika, hutoa mvuke wa asidi ile iliyo kwenye siki, na mvuke huo ukifungiwa ndani ndio unaogeuza risasi kuwa unga mweupe. Silikoni ambayo mafundi wa madirisha huzibia vioo nayo, ukiifungua, inanuka siki. Ni asidi hiyo hiyo. Mwambie fundi wa vioo alete ile isiyo na harufu hiyo, au aache kabati wazi wiki kadhaa kabla ya kuingiza chombo. Toboa matundu madogo chini ya kitako, uyazibe kwa neti ya mbu iliyokunjwa mara mbili, hewa ipite na mjusi asipite. Liweke kabati kwenye ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na jua la jioni kutoka upande wa ziwa. Bahasha za vipande vya zamani zikae kwenye droo chini ya kitako, zikiwa na karatasi inayoeleza kilichofanywa, mwaka gani, na kwa uzi na gundi gani.